Posho ya Siku za Kukaa Bure

Fundi wa Nateete anayeishi kwa kandarasi, awe mwashi, mpimaji wa ardhi, mchomeleaji au mhandisi mwenye shahada ya Makerere, anaendesha maisha kwa kalenda mbili zisizopatana. Kodi ya nyumba humjia kila mwezi na ada ya shule kila muhula, lakini pesa yake huja kazi inapokuja. Kazi ikiisha, mwenye nyumba hasubiri. Miezi miwili hupita, minne, wakati mwingine karibu mwaka, kabla simu haijalia tena. Watu wana maelezo mawili ya haraka kuhusu shida hii. Wengine husema ni maradhi ya zama hizi: ajira za kudumu zimekufa, kila kitu sasa ni mkataba wa muda. Wengine humlaumu fundi mwenyewe, kwamba siku za neema alikula zote. Historia ya Nateete inayakataa maelezo yote mawili. Pengo kati ya kazi na kazi lilikuwapo kabla jiji la Kampala halijaanzishwa, na mshahara wa kila mwisho wa mwezi ndio uliokuja kama mgeni, ukakaa muda mfupi, ukaondoka. Kilichobadilika katika miaka mia na hamsini hivi ni mtu anayelipia pengo hilo. Zamani gharama yake iligawanywa kati ya mwajiri, shamba, ukoo na mke. Leo imemwangukia fundi karibu yote.

Tuanze na misafara. Nateete iko magharibi ya Mengo, chini ya kilima cha Rubaga, mahali ambapo barabara ya Masaka inaingia mjini. Mfanyabiashara wa pwani Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Kabaka Suuna mwaka 1844, na waliomfuata, Waarabu na Waswahili wa Zanzibar, hatimaye walipata makazi yao Nateete. Bunduki na vitambaa vilipanda, pembe za ndovu zikashuka, na vyote vilisafiri juu ya mabega ya watu. Mpagazi alikuwa mtu wa kandarasi kwa maana kamili. Aliajiriwa kwa safari moja, kwa mzigo wa uzito uliokubaliwa na kwa ujira uliotajwa mbele ya mashahidi, na safari ikiisha hakuna aliyekuwa na deni naye. Ila mkataba wake ulikuwa na vipengele viwili ambavyo mwenzake wa leo angevitamani. Kwanza, alipokea ujira wa miezi kadhaa kabla ya kuunyanyua mzigo. Pili, kulikuwa na posho: kibaba cha nafaka kwa siku, au kitambaa na shanga za kununulia chakula njiani. Posho hiyo iliendelea hata msafara uliposimama. Msafara ungeweza kukaa wiki nyingi ukisubiri ruhusa ya mfalme, mvua ikatike au vita viishe njiani, na siku hizo zote za kukaa bure zilikuwa juu ya mwenye msafara. Asipotoa, wapagazi waligoma au walitoroka usiku, na bila mabega yao biashara yake ilikwisha. Speke, alipokuwa mgeni wa Kabaka Mutesa mwaka 1862, alilalamika mara kwa mara juu ya chakula cha watu wake, na sababu ni wazi: aliyewaajiri ndiye aliyepaswa kuwalisha, wawe wanatembea au wamekaa.

Lakini posho iliishia pale safari ilipoishia. Baada ya hapo wapagazi waligawanyika makundi mawili, na mgawanyiko huo ndio unaoeleza mengi yaliyofuata. Mnyamwezi alikuwa na shamba. Alisafiri kiangazi, na mvua zilipokaribia alitaka kurudi nyumbani kulima. Kiongozi wa msafara aliyejaribu kumzuia wakati huo alipoteza watu. Pengo lake kati ya safari na safari lilikuwa msimu wa kilimo, na hakuna aliyeliona kama balaa. Mwungwana wa Zanzibar, kama wapagazi wa pwani walivyoitwa, mara nyingi hakuwa na ardhi. Wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa, na bwana alichukua sehemu ya ujira. Huyu alirudi mjini, akaishi kwa mkopo, na fedha ya kutangulia ya safari mpya ikaingia mikononi mwa wadai kabla hajavuka kwenda Bagamoyo. Kazi ilikuwa ileile, barabara ileile, pengine hata ujira uleule. Kilichowatofautisha ni kama palikuwa na kitu cha kula ambacho hakikupitia kwa mwajiri. Anayeamini kwamba tabia ya mtu ndiyo humwokoa wakati wa pengo aanze kwa kuwaeleza hawa wawili.

Buganda yenyewe ilikuwa na jibu lake, na lilikuwa la werevu. Wahunzi, wafinyanzi, watengeneza ngoma na wapiga mbugu wa ikulu hawakulipwa kwa kila kazi. Walipewa ardhi kwa sababu ya kazi yao, na ardhi ile ilikuwa yao maadamu walibaki katika utumishi. Ikulu ilipohitaji ngoma, ngoma ilitengenezwa. Isipohitaji kwa mwaka mzima, migomba iliendelea kuzaa. Kandarasi ilikuwa ya vipindi lakini malipo yalikuwa ya kudumu. Mtu mmoja aliyefanya kazi katika mazingira hayo bila kuwa na ardhi ya aina hiyo ni Alexander Mackay, fundi wa Kiskoti wa shirika la wamisionari la CMS, aliyefika mwaka 1878 na kuweka karakana yake Nateete. Anakumbukwa kwa Injili, na kwa wanafunzi watatu wa misheni waliouawa karibu na hapo, Busega, tarehe 31 Januari 1885. Chuo cha Mackay bado kipo Nateete. Kwa ikulu, hata hivyo, alikuwa kwanza kabisa mtu wa nyundo na patasi. Namasole Muganzirwaza, mama yake Mutesa, alipofariki mwaka 1882, Mackay ndiye aliyepewa kazi ya kutengeneza jeneza, kubwa na la kifahari, na kwa siku kadhaa yeye na wasaidizi wake walifua shaba usiku na mchana. Kisha ukimya. Kati ya oda na oda za namna hiyo, misheni ilitegemea vitambaa na bidhaa kutoka pwani, ambavyo vilichukua miezi kufika. Yaani hata fundi huyu wa kigeni wa Nateete aliishi kwa kitu ambacho hakikutokana na kandarasi zake.

Mkataba wa Buganda wa 1900 ulibadilisha sarafu ya mambo haya, si umbo lake. Ardhi iliyoshikwa kwa sababu ya cheo au utumishi ikageuka mailo, mali binafsi ya machifu na watu wakubwa, na wengine wakawa wapangaji wa vibanja juu yake. Kodi ya nyumba ya rupia tatu ikamlazimisha kila mwenye kibanda kutafuta fedha, kwa hiyo kutafuta kazi ya muda. Pia palikuwa na kasanvu, kazi ya lazima yenye ujira mdogo, mpaka ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Pamba, iliyoingia mwaka 1903, ilileta vinu vya kuchambulia ambavyo vilinguruma miezi michache kwa mwaka na kunyamaza iliyobaki. Na kwa barabara ya Masaka, kwa miguu, walianza kumiminika watu wa Rwanda na Burundi, hasa tangu miaka ya 1920, wakikimbia kodi, kazi za shuruti na njaa. Nateete ilikuwa mlango wao wa Kampala. Waliitwa wapakasi: walilima pamba na kahawa ya Waganda kwa kazi ya kipande au kwa mwezi, wakapewa mahali pa kulala na chakula, na wengi walirejea makwao baada ya kupata walichokifuata. Audrey Richards na wenzake, katika uchunguzi wao uliochapishwa mwaka 1954, waliandika kwa kirefu juu ya wahamiaji hawa. Ukiusoma kwa jicho la mtu wa kandarasi, unaona mpango uleule wa msafara: mwajiri analisha kazi ikiendelea, nyumbani kunalisha kazi ikikoma.

Hapa ndipo sheria ya Busuulu na Envujjo ya mwaka 1927 inapopata uzito ambao wanahistoria wa ardhi huutaja, lakini wanahistoria wa kazi huupita haraka. Sheria ile iliweka kikomo cha kile ambacho mwenye mailo angeweza kumdai mwenye kibanja, na ikamzuia asimfukuze ovyo. Kwa mkulima ilikuwa usalama wa shamba. Kwa seremala au mwashi aliyeishi pembezoni mwa mji, upande wa Kibuga, mji wa Kabaka, nje ya mji wa Waingereza, ilikuwa kitu kingine: bima ya kukosa kazi, ingawa hakuna aliyeiita hivyo. Alilipa busuulu, kodi yake ya ardhi ya mwaka, akajenga kibanda, akazungushia migomba, na kandarasi ikichelewa matooke hayakuchelewa. Tuseme pia nani aliyeyafanya yasichelewe. Katika Buganda shamba la migomba lilikuwa kazi ya mwanamke. Fundi aliyejisifu kwamba anaweza kukaa miezi mitatu bila kazi alikuwa anakaa juu ya mgongo wa mke wake, na jasho hilo halikuingizwa kwenye bei ya mlango au dirisha lolote alilotengeneza.

Msomaji makini ataweka pingamizi, na ni pingamizi zito. Mpango huo, atasema, haukuwa hisani bali unyonyaji. Waajiri wa kikoloni walilipa ujira wa mtu mseja, tena mseja mwenye shamba mahali fulani, kwa sababu walijua kuna mwanamke kijijini anayemalizia kilichopungua. Ni kweli, na serikali zenyewe zilikiri. Kamati ya Carpenter nchini Kenya mwaka 1954, na Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki iliyomaliza kazi mwaka 1955, zilisema wazi kwamba ujira wa aina hiyo hauwezi kumfanya mtu aishi mjini na familia yake. Lakini pingamizi hili linaimarisha hoja yangu kuliko kuibomoa. Linathibitisha kwamba bei ya kazi ya vipindi haikuwahi kutosha kulipia siku za kukaa bure, na kwamba kila kizazi cha waajiri kilimtegemea mwingine azilipie. Waliojaribu kubadilisha hilo hawakusukumwa na huruma. Mombasa, vibarua wa bandari na wenzao waligoma Januari 1947 na kuusimamisha mji. Katika miaka iliyofuata serikali na makampuni wakawaandikisha vibarua, wakapunguza idadi yao na taratibu wakawageuza kuwa watu wa mwezi, kwa sababu umati usio na kazi ya uhakika ulikuwa umewatisha. Uingereza mwaka huohuo ilianzisha mpango wa kitaifa wa bandari ambapo kibarua aliyejitokeza na kukosa meli alilipwa kwa kujitokeza kwake. Kampala nayo ilikuwa na mgomo wake, Januari 1945, nao ukaenea nje ya mji na kumwaga damu. Matunda yake yalionekana upande wa mashariki, katika nyumba za wafanyakazi za Nakawa na Naguru. Upande wa Nateete, ambako mafundi walijiajiri au waliajiriwa na mtu na mtu, hapakuwa na bandari ya kuifunga.

Ndiyo maana ile miongo karibu miwili ya mshahara wa kudumu, tuseme kutoka bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954 hadi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, ilipita Nateete kwa pembeni. Mwanauchumi Walter Elkan, katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu wafanyakazi wa Kampala na Jinja, alionyesha kwamba hata wenye ajira nzuri hawakuiacha ardhi yao, kwa kuwa mji haukuwapa kitu cha kushika nafasi yake. Walipimwa kama watu wasiojua maendeleo. Kumbe walikuwa wanasoma mambo vizuri kuliko washauri wao. Miaka ya magendo iliyofuata ilithibitisha kwamba walikuwa sahihi. Mshahara wa serikali ulipogeuka karatasi, aliyekuwa na kibanja alikula na aliyekuwa na cheo tu aliuza samani zake. Kisha, miaka ya 1990, serikali ikapunguza watumishi wake kwa makumi elfu na kuwaachisha wanajeshi wengi, na watu waliozoea bahasha ya mwezi wakaingia katika soko la kandarasi ambamo mafundi wa Nateete hawakuwa wamewahi kutoka.

Lakini walilikuta limepoteza nguzo yake. Migomba ya Nateete imekwenda. Penye shamba pamejengwa mizigo, vile vyumba vya kupanga vilivyopangwa mstari mmoja, na maduka ya vifaa vya ujenzi, magereji na kituo cha teksi vimemeza kilichobaki. Katiba ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1998 zilimrudishia mwenye kibanja ulinzi wake, lakini ulinzi huo ni wa mwenye kibanja. Mpangaji wa muzigo haumhusu, na mafundi wengi leo ni wapangaji. Ardhi iliyowahi kumlisha fundi asiye na kazi sasa inamdai. Barabara ya Northern Bypass inaanzia Busega, na ile ya kasi ya Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018, inaanzia hapohapo. Kandarasi zote mbili ziliajiri, zikaisha, zikaachisha watu, kama safari yoyote ya karne ya kumi na tisa. Tofauti ni kwamba Mnyamwezi alirudi kupanda mtama, na dereva wa tingatinga alirudi kwenye kodi ya miezi mitatu.

Hapo ndipo mtetezi wa akiba hupaza sauti. Je, hakuna cash round, ule mzunguko wa kupokezana fedha kwa zamu? Hakuna SACCO, chama cha akiba na mikopo? Vipo, na ni vya kuheshimiwa. Vyama vya munno mukabi vimezika na kuuguza watu wa Buganda kwa miaka mingi bila msaada wa benki yoyote. Lakini angalia jinsi vinavyofanya kazi. Mzunguko wa fedha unadai mchango sawa kwa siku ileile, wiki baada ya wiki, kwa hiyo unamfaa muuza nyanya wa soko la Nateete kuliko mhandisi anayelipwa mara mbili kwa mwaka. Mtu wa mapengo ndiye anayekosa zamu, ndiye anayewekwa mwisho, ndiye anayetolewa. Munno mukabi ulidumu kwa sababu nyingine: mchango wake ungeweza kuwa kuni, ndizi, au mikono ya kuchimba kaburi. Uliundwa na watu waliojua kwamba fedha hukauka. Tena, kuweka akiba ya miezi sita kunataka kandarasi inayolipa miezi sita ya ziada. Mteja anayeomba makadirio kwa mafundi watano na kumchukua wa bei ya chini ameshaihesabu akiba hiyo na kuifuta. Sisemi kuweka akiba ni bure. Nasema ni sehemu ndogo ya kilichowahi kuliziba pengo, na si haki kuipa jina la suluhisho.

Pingamizi la uhuru linanishughulisha zaidi. Wapo wanaopenda kandarasi, na walikuwapo siku zote: mpagazi aliyechagua msafara wake, mpakasi aliyehama shamba la mwajiri mkorofi, mhandisi asiyetaka bosi. Uhuru huo ni wa kweli, na ajira ya kudumu iliyowahi kutolewa Kampala mara nyingi ilikuja na udhalili wa chumba cha mseja na msimamizi mwenye kiboko. Ila mwenye uhuru wa kukataa kazi mbaya ni yule anayeweza kula wiki ijayo bila kazi hiyo. Mnyamwezi aliweza. Fundi mwenye kibanja mwaka 1935 aliweza. Anayedaiwa kodi hukubali chochote, hata kwa bei inayoharibu soko la wenzake, na hapo kinachoitwa uhuru hupungua kuwa ruhusa ya kukaa njaa bila kuulizwa.

Kipimo kizuri cha mahali tulipofika ni utaratibu wa malipo. Mpagazi alilipwa miezi mbele. Fundi wa leo wa kandarasi za ujenzi hununua saruji kwa mkopo, hufanya kazi, huandika ankara, kisha husubiri. Na kazi ikikubaliwa, sehemu ya fedha yake hubakizwa kwa mteja mpaka kipindi cha kuangalia kasoro kipite. Malipo ya kutangulia yapo kwenye kandarasi kubwa, lakini kwa dhamana ya benki ambayo mtu mdogo haipati. Madeni ya serikali ya Uganda kwa wakandarasi na wauzaji wa ndani yamekuwa kifungu cha kudumu katika mijadala ya bajeti. Kwa maneno mengine, fundi anamkopesha mwajiri wakati wa kazi na kujilisha mwenyewe baada yake. Tajiri wa misafara wa Zanzibar, ambaye hakuwa mtu wa huruma, asingepata mpagazi hata mmoja kwa masharti hayo.

Sheria imegusa jambo hili kwa ncha za vidole. Kanuni za Ajira za 2011 zinakataza kumweka mtu kama kibarua zaidi ya miezi minne, baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Nia ni njema, lakini kanuni hiyohiyo inamwonyesha mwajiri siku ya kumwachisha. Marekebisho ya mwaka 2022 ya sheria ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yamepanua mfuko huo kwa waajiri wote na kuruhusu michango ya hiari, nayo ni hatua. Hata hivyo mfuko umejengwa kwa ajili ya uzee: kwa kawaida anayeruhusiwa kuchukua sehemu mapema ni aliyefika miaka 45 akiwa amechangia miaka kumi, na mwenye miaka 30 aliyekaa miezi saba bila kandarasi hana kifungu chake. Ni mara chache tu, kwa kadiri ya kumbukumbu ya sasa, dola imekiri hadharani kwamba siku za kukaa bure zina gharama na kwamba mtu lazima azilipie. Aprili 2020, usafiri ukiwa umefungwa kwa sababu ya korona, serikali ilianza kugawa chakula Kampala na Wakiso kwa wale ambao kula kwao hutegemea kazi ya siku. Kila mtu alipangiwa kilo sita za unga wa mahindi na kilo tatu za maharage. Ugawaji ulikwenda polepole na ulilalamikiwa sana, hasa juu ya nani aliyefikiwa na nani aliyerukwa. Hata hivyo, wakati huo dola haikutosheka na kuwaambia watu wa Nateete kwamba walipaswa kuwa wameweka akiba.